Drifti: kile ambacho maneti haimfundishi kijana

Kijana anayeweza kutelezesha gari kwa ubavu kwenye skrini, kona baada ya kona, bila kugonga ukuta, si mtu wa kuchekwa. Kazi hiyo si rahisi. Wazazi wengi wanaomkuta ameshika maneti saa nzima wanasema anapoteza wakati, na pengine wanasema kweli kuhusu masomo yake. Lakini wakidhani kwamba mikono yake haijifunzi kitu, wanajidanganya. Inajifunza. Shida iko pahali pengine: inajifunza nusu tu, na nusu inayobaki ndiyo inayoua watu.

Kwa wasioijua, drifti ni kuendesha gari huku sehemu yake ya nyuma imetoka nje ya mstari, magurudumu ya nyuma yakiteleza, na dereva akikata usukani kinyume cha kona ili gari lisizunguke lote. Gari linaendelea mbele, lakini pua yake inatazama ukuta. Anayeangalia kutoka pembeni anafikiri gari limemshinda dereva, kumbe ndivyo alivyotaka. Mashariki mwa Kongo vijana wanaifahamu kupitia filamu za Fast and Furious, hasa ile ya Tokyo iliyotoka mwaka 2006, kupitia michezo kama Need for Speed na Gran Turismo, na siku hizi kupitia simu, ambako mtu mwenye mega kidogo tu anaweza kupakua CarX Drift Racing na kuanza kuchoma matairi yasiyomgharimu hata franka moja.

Mchezo huu haukuzaliwa kwenye skrini. Ulizaliwa Japani. Katika miaka ya 1970 dereva mmoja, Kunimitsu Takahashi, alijulikana kwa kuingia kona na kasi iliyozidi, gari likiteleza ndani ya moshi huku watazamaji wakipiga kelele. Kabla ya hapo alikuwa mwendesha pikipiki: mwaka 1961 akawa Mjapani wa kwanza kushinda Grand Prix ya pikipiki, huko Ujerumani Magharibi. Kijana aliyemtazama kwa hamu ni Keiichi Tsuchiya, mzaliwa wa 1956. Tsuchiya alianza kumwiga usiku, kwenye barabara nyembamba za milimani. Mwaka 1987 ikatoka video iitwayo Pluspy, ikimwonyesha akitelezesha Toyota AE86 yake mlimani. Video ilienea, jina likapanda, na wasimamizi wa mashindano wakasimamisha leseni yake kwa muda.

Wapenzi wa drifti hupenda hadithi iishie hapo: kijana asiye na pesa, gari dogo, mlima, usiku. Katuni ya Shuichi Shigeno, Initial D, iliyoanza kutoka mwaka 1995, imejengwa juu ya picha hiyo hiyo. Kinachosahauliwa ni yaliyofuata. Tsuchiya hakubaki mlimani. Mwaka 1995, yeye na Takahashi yule yule, pamoja na Akira Iida, walipokezana usukani wa Honda NSX na kushinda daraja la GT2 kwenye Saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa miongoni mwa walioanzisha D1 Grand Prix, mashindano yaliyoitoa drifti mlimani na kuiingiza ndani ya kiwanja, mbele ya majaji. Marekani ikafuata na Formula Drift mwaka 2004, na mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la magari, FIA, likaandaa kombe lake la drifti mjini Tokyo. Basi anayemtaja “Mfalme wa Drifti” ili kujitetea kwa kuteleza kwenye barabara ya watu anamtaja vibaya. Mfalme mwenyewe alihama.

Turudi kwa maneti. Inafundisha nini hasa?

Inafundisha jicho, kabla ya yote. Anayeanza hutazama ukuta anaouogopa, na gari linakwenda kwa ukuta. Baada ya saa kadhaa anazoea kutazama pahali anapotaka kutokea, hata kama pua ya gari inaelekea kwingine. Mwalimu wa kweli kwenye kiwanja cha kweli angemwambia neno hilo hilo siku ya kwanza.

Inafundisha pia mguu wa mafuta, na hapa ndipo mchezo mzuri unapotofautiana na mchezo wa kujifurahisha tu. Mgeni anadhani drifti ni kazi ya usukani. Akicheza mchezo wenye fizikia ya kuaminika, kama Assetto Corsa ya Waitalia wa Kunos iliyotoka mwaka 2014, anagundua kwamba mguu ndio unaoamua pembe. Akikanyaga zaidi, nyuma inatoka zaidi. Akiachia ghafla, magurudumu ya nyuma yanashika lami tena kwa mara moja, na gari linatupwa upande wa pili kama fimbo iliyokunjwa kisha ikaachiliwa. Kutupwa huko ndiko kunakowapeleka wengi ukutani, kwenye skrini na hata barabarani. Mchezaji mwenye subira anajifunza kuachia polepole na kurudisha usukani kwa kipimo, kabla gari halijamdai.

Hata njia za kuanzisha mtelezo zimo. Kuna kuvuta freni ya mkono katikati ya kona ili magurudumu ya nyuma yafunge. Kuna kukanyaga na kuachia kwa haraka kanyagio la klachi, lile madereva wanaloita ambreyaji, huku injini inalia, ili nguvu ifike nyuma kwa kishindo. Kuna ile ya werevu zaidi: kulipeleka gari kidogo upande usio wa kona, kisha kulirudisha kwa ghafla, uzito wote uhame na kuivuta nyuma itoke. Mtu aliyezifanya hizo mara elfu kwenye skrini anaelewa mfuatano wake. Madereva wa mashindano nao hutumia michezo hiyo kujizoeza kiwanja ambacho hawajakifikia. Kusema kwamba yote ni upuuzi wa watoto ni kutojua.

Lakini si kila mchezo ni shule. Ridge Racer ya Namco, iliyotoka mwaka 1993, ilimruhusu mchezaji aachie mafuta, aguse freni, na gari lenyewe lingeteleza vizuri na kurudi kwenye mstari kana kwamba liko juu ya reli. Mario Kart inampa zawadi ya kasi anayeteleza kwenye kona. Hali halisi ni kinyume. Juu ya lami, tairi linaloteleza limepoteza nguvu ya kushika, na gari linapoteza mwendo. Ndiyo maana mashindano ya drifti hayapimwi kwa saa: majaji wanaangalia mstari, pembe na mtindo, karibu kama mashindano ya dansi. Kijana anayeamini kwamba drifti ni njia ya kufika haraka amefundishwa na Mario.

Sasa ile nusu ya pili.

Dereva wa kweli hulisikia gari kupitia kiti. Nyuma inapoanza kutoka, mgongo wake na kiuno chake vinajua kabla jicho halijaona kitu, na mikono inajibu. Kwenye skrini kiti ni kile kile cha plastiki, hakisogei. Usukani wa mchezo wenye mota ndani yake hurudisha nguvu kidogo mikononi, lakini chombo hicho ni ghali. Maneti inatetemeka tu, na simu mara nyingi haifanyi hata hilo. Kwa hiyo kijana amejifunza lugha kwa kuisoma, bila kuisikia ikisemwa hata siku moja. Siku ya kwanza atakapoisikia, itakuwa kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa.

Halafu kuna hofu. Gari la kweli linapoondoka, mikono inakaza na mguu unakimbilia freni bila kuuliza ruhusa. Kukanyaga freni kwa nguvu katikati ya mtelezo ni karibu kosa baya kuliko yote, na mchezo haujawahi kumjaribu mtu juu ya kosa hilo kwa sababu haujawahi kumwogopesha.

Kubwa zaidi ni bei. Mchezo una kitufe cha kuanza upya. Aliyejifunza drifti kwenye skrini amegonga ukuta mara nyingi mno, na ni lazima, maana hakuna anayejifunza bila kugonga. Kila ajali ilimgharimu sekunde tatu. Ubongo wake umepiga hesabu ya ajali mara mamia, na kila mara jibu lilikuwa sekunde tatu. Hesabu hiyo haifutiki kwa kuambiwa “uwe mwangalifu”. Anaingia nayo garini.

Na katika Gran Turismo hakuna mama mwenye beseni kichwani. Hakuna motari mwenye wateja wawili anayetokea kushoto bila kuangalia. Hakuna watoto wanaotoka shule saa sita na nusu na kutembea pembeni ya barabara, kwa sababu mitaa mingi haina njia ya watembea kwa miguu. Mchezo umewaondoa wote hao ili mchezaji afurahi, na kama mchezo ni haki yake. Ila kijana anayepeleka ujuzi huo kwenye rond-point ya mjini anapeleka ujuzi uliotengenezwa kwa ajili ya dunia isiyo na watu.

Wenye kutetea skrini wana ushahidi wao, tena ni ushahidi mzito. Kuanzia mwaka 2008, kampuni ya Nissan na waliotengeneza Gran Turismo waliendesha GT Academy, shindano la kuwatafuta wachezaji wa video na kuwafanya madereva wa mbio. Mshindi wa kwanza alikuwa Mhispania Lucas Ordóñez. Mwaka 2011 akashinda Mwingereza Jann Mardenborough, na miaka miwili baadaye wote wawili walikuwa Le Mans, kwenye gari moja. Filamu ya mwaka 2023 inamhusu Mardenborough, na vijana wengi walioiona walitoka na somo moja: maneti inatosha.

Haitoshi, na maisha ya Mardenborough mwenyewe ndiyo yanayoonyesha. Baada ya skrini walimpeleka kwenye kambi ya mafunzo, wakampa walimu, wakampima mwili, wakamtembeza kwenye mbio ndogo hadi apate leseni. Halafu, mwezi wa 3 mwaka 2015, kwenye kiwanja cha Nürburgring, Ujerumani, Nissan GT-R yake ilinyanyuka pua pahali ambapo barabara ina mgongo, ikaruka uzio. Mtazamaji mmoja akafa. Haikuwa drifti, na hakuna haja ya kumtupia dereva lawama. Lakini mtu apime: huyu alikuwa mmoja wa wachezaji bora duniani, mwenye miaka minne ya mafunzo ya kazi, ndani ya gari lililojengwa kwa ajili ya mbio, kwenye kiwanja chenye uzio na waganga wanaosubiri. Na bado mtu aliyesimama nyuma ya uzio hakurudi nyumbani.

Filamu, kwa njia, ilihamisha ajali hiyo. Iliiweka kabla ya Le Mans, ili iwe kikwazo ambacho shujaa anakishinda. Katika maisha ilikuja baada yake. Mtu anaweza kuelewa kwa nini watengenezaji walifanya hivyo. Ni vigumu zaidi kuwasamehe.

Basi tumwangalie kijana wa Bukavu, wa Butembo au wa Bunia anayeacha skrini na kuchukua ufunguo wa gari la mjomba wake. Kwenye mchezo alichagua Nissan Silvia au ile AE86 ya Tsuchiya, magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nje ya nyumba kuna Toyota Ist, au Vitz, au Carina. Yametoka Japani kama yale ya kwenye mchezo, yamepitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, na mengi bado yana usukani upande wa kulia. Lakini yanavutwa na magurudumu ya mbele. Mafuta yakikanyagwa, mbele inavuta. Nyuma haisukumwi na chochote. Ile kazi ya mguu aliyoizoea kwa saa mia mbili haifanyi kazi. Akivuta freni ya mkono, nyuma itafunga, gari litateleza kitambo, na hakuna mguu utakaoweza kuendeleza mtelezo huo. Litasimama, au litaendelea hadi likutane na kitu.

Magari marefu ni hatari zaidi. Noah au RAV4 imenyanyuka, uzito wake uko juu. Ikiteleza kwa ubavu na gurudumu likagonga ukingo, shimo, au jiwe la volkeno kama yale yaliyojaa pembeni mwa barabara za Goma, haitasimama: itapinduka. Tusisahau hali ya matairi. Gari la mashindano ya drifti lina vyuma vilivyochomelewa ndani ili kumlinda dereva, lina mikanda ya mabega yote mawili, lina magurudumu ya mbele yanayoweza kukata kuliko gari la kawaida, na matairi yake ya nyuma yanaweza kuisha baada ya mizunguko michache, yakabadilishwa. Kwa familia inayotumia tairi hadi nyaya zionekane, usiku mmoja wa drifti unakula chakula cha mwezi. Na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano inaongezeka mara nne. Tofauti kati ya 30 na 60 kwenye kioo cha dereva ni mshale unaosogea kidogo tu.

Sheria haihitaji maneno mengi. Sheria ya barabarani ya Kongo, namba 78/022 ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978, inadai dereva alitawale gari lake wakati wote. Iliandikwa miaka karibu 20 kabla ya Gran Turismo ya kwanza, na inatosha kabisa kwa jambo hili.

Ila wanaodhani kwamba adhabu peke yake itamaliza habari hiyo waangalie Saudi Arabia. Huko vijana wamekuwa wakitelezesha magari kwenye barabara kuu kwa miongo mingi, mara nyingi mbele ya marafiki waliojipanga pembeni, na wengi wamekufa, madereva na watazamaji. Mwaka 2016 serikali ilipandisha adhabu: faini ya riyali 20 000 na gari kushikwa kwa mara ya kwanza, hadi riyali 60 000 kwa mara ya tatu. Mtafiti Pascal Menoret, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu vijana hao wa Riyadh, alionyesha mji uliojengwa kwa ajili ya gari, wenye barabara pana na vijana wasio na kazi wala pahali pa kwenda. Adhabu ni lazima. Lakini faini haimpi mtu pahali pa kwenda.

Afrika Kusini ilifika pengine. Kunako miaka ya 1980, huko Soweto, magari yalianza kuzungushwa kwenye mazishi ya majambazi, kama heshima ya mwisho: BMW ya miaka hiyo, ambayo wakaaji waliipa jina la gusheshe, ikizunguka pahali pamoja ndani ya moshi wa matairi yake. Mchezo ukatoka makaburini ukaingia mitaani, polisi wakaufukuza, ukarudi. Wanauita spinning. Si drifti kamili, maana gari linazunguka ndani ya duara badala ya kufuata kona, lakini mguu na usukani ni ndugu moja. Mwaka 2014, Motorsport South Africa, chama kinachosimamia mbio za magari nchini humo, kikautambua kama mchezo rasmi. Leo kuna viwanja vyenye kuta, tiketi, sheria na mabingwa, na miongoni mwa majina yanayojulikana zaidi ni la msichana, Stacey-Lee May, anayeitwa Malkia wa Moshi. Kuzungusha magari mitaani hakujaisha Afrika Kusini. Lakini kijana wa huko anayependa kitu hicho ana mlango wa kugonga.

Wapo watakaosema kwamba majimbo yenye vita na wakimbizi hayana nafasi ya kuzungumzia michezo ya magari. Hoja hiyo inaeleweka, lakini inasahau kwamba mtoto anayegongwa pembeni ya barabara ni mtoto yule yule aliyekimbizwa kutoka kijijini.

Kuna jambo jingine linaloifanya mashariki mwa Kongo iwe pahali pa ajabu kuliongelea hili. Dereva wa lori anayepanda barabara ya kitaifa namba 2 wakati wa mvua anafanya kazi ya drifti kila wiki, bila kuipa jina. Nyuma inaondoka kwenye matope, anakata usukani upande inakokwenda nyuma, anaachia mafuta polepole, hagusi freni, anasubiri. Lori linarudi. Hakuna anayempigia makofi, na video yake haiko kwenye TikTok. Aliyejifunza drifti vizuri kwenye skrini ana chembe ya ujuzi huo, na aliyepita kwenye auto-ekole nyingi hana hata hiyo chembe, kwa sababu huko hufundishwa alama, rivasi na kupanda mlima bila injini kuzima. Hafundishwi gari linapoteleza.

Je, basi wafundishwe wote kuteleza? Hapa Norway ina neno la kusikilizwa. Katika miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa inawalazimisha madereva wapya kujifunza kuendesha juu ya utelezi. Watafiti walipoangalia matokeo, walikuta vijana wa kiume waliopita mafunzo hayo walipata ajali nyingi zaidi kwenye barabara zenye utelezi. Walikuwa wamepata ujuzi kidogo na imani kubwa, wakaongeza mwendo. Baadaye mkazo wa mafunzo ukabadilishwa: badala ya kumfanya mwanafunzi ajione bingwa, yamwonyeshe mapema pahali ambapo gari linamshinda. Tofauti hiyo ndiyo inayoitenga shule na skrini. Skrini inampandisha mtu cheo kila akifaulu. Kiwanja kizuri kinamshusha kidogo.

Majirani wameanza kitambo. Rwanda ina Mountain Gorilla Rally, Uganda ina Pearl of Africa, na Kenya iliirudisha Safari Rally kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Mbio hizo ni za barabara za udongo, na juu ya udongo kuteleza kuna maana kuliko juu ya lami: dereva analigeuza gari kabla ya kona ili litoke likiwa tayari limeelekea njia. Barabara inafungwa, wasimamizi wanasimama kila kona, watu wanasukumwa nyuma ya kamba. Kwa kijana wa Kivu au Ituri, njia ya karibu ya kuufikia mchezo huu ni udongo alionao tayari, si moshi wa Tokyo.

Na haidai mamilioni. Juu ya udongo uliolowa, gari linaanza kuteleza kwenye mwendo wa baiskeli, kilomita 20 au 25 kwa saa, na mwendo huo unatosha kumfundisha mtu karibu kila kitu ambacho maneti ilimficha: kiti kinachosema, hofu inayokaza mikono, mguu unaokimbilia freni. Inahitajika ardhi tambarare isiyo na mti wala jiwe. Gari moja kuukuu, lenye matairi yaliyoisha nyuma na mazima mbele. Kofia ngumu, mkanda, mwalimu kwenye kiti cha pili, gari moja tu ndani kwa wakati, na watazamaji mbali, upande ambao gari haliwezi kuelekea. Auto-ekole mbili zikiungana zinaweza. Ofisi ya meya inaweza kutoa ruhusa ya kiwanja, na polisi wa barabarani wanaweza kutuma watu wawili wakasimama pale, badala ya kungoja kupima alama za matairi baada ya ajali.

Mzazi naye ana kazi yake, nayo si kuvunja maneti. Amuulize mtoto amwonyeshe. Akae naye, aone kona inavyoingiwa, amuulize kwa nini gari limetupwa upande wa pili, na kama anaendesha amweleze siku ile gari lilipomponyoka kwenye matope na jinsi moyo ulivyomdunda. Kisha aondoke na ufunguo wa Ist mfukoni.

Mvua za mwezi wa 9 zikianza, kiwanja cha udongo kitajilowesha chenyewe. Saa mbili za Jumapili asubuhi, kabla jua halijakausha ardhi, zinatosha kwa kuanza.